Kilo Thelathini za Mzee Lawama

Redio ya Mama Chai ndiyo iliyochokoza. Ilisema hospitali kuu imeanza kuwapasua vijana waliozidiwa na unene, wa miaka kumi na sita hadi ishirini na minne. Tumbo la chakula linakatwa, linabaki dogo kama kikombe cha kahawa.

"Wameishiwa cha kukata!" Mzee Lawama alidakia kutoka kwenye benchi ndani ya yadi yake ya vyuma chakavu. "Umeme wamekata, maji wamekata, sasa wamefikia matumbo ya watoto wetu!"

Benchi zima likacheka. Jina la Lawama hakujipa mwenyewe. Mvua ikinyesha, serikali. Isiponyesha, serikali. Kuku wake akiatamia mayai viza, waziri. Tangu mkewe aende hospitali kwa miguu yake akarudi amebebwa, na dawa kila siku "njoo kesho", hakuna mkubwa aliyebaki na heshima mdomoni mwa mzee huyu.

"Wangeanza na wao wenyewe," alisema Kinyozi. "Yule aliyekuja kufungua choo cha soko, tumbo lilifika kwenye utepe kabla ya mkasi!"

"Lile usilipasue bila zimamoto," alisema Mkokoteni, ambaye kazi yake ni kuvuta vyuma mtaani na kumletea mzee. "Mle ndani kuna barabara yetu ya lami, makalvati mawili na greda."

"Na dereva wa greda yumo," Mama Chai aliongeza huku akimimina. "Mzima kabisa, anasubiri posho!"

Walikuwa bado wanapigana makofi ya vicheko alipoingia getini binti wa Mzee Lawama, miaka kumi na tisa, karatasi mkononi. Toka getini hadi kwenye benchi ni hatua ishirini. Alisimama mara mbili kuvuta pumzi.

"Shikamooni."

"Marahaba, mama," waliitika.

"Baba, leo ndiyo mwisho. Saa sita nafasi yangu wanampa mwingine. Imebaki saini ya msimamizi tu."

Kinyozi akageuka taratibu. "Ala! Kumbe redio ilikuwa inatangaza habari za nyumbani kwako, mzee?"

"Sisaini!" Mzee Lawama akasimama. "Mama yake nilisaini, nikarudishiwa viatu. Na hizo kilo mia na ishirini wanazosema anazo wamezitoa wapi? Mizani yao kama kura zao, inasoma wanavyotaka wao!"

"Hapo umesema, mzee wangu," alisema Mkokoteni. "Lakini ya nini kubishana? Mizani si hii hapa?"

Wote wakaitazama mizani ya yadi, ile kubwa ya kusimama, yenye sahani ya chuma na mshale mwekundu. Mzee Lawama akajisogeza mbele yake. Nyuma ya ule mshale palikuwa na waya mwembamba kuliko sindano, alioufunga kwa mkono wake miaka saba iliyopita, ili kila kilo nne za watu zisomeke tatu.

"Hiyo ya vyuma," alisema. "Haipimi nyama."

"Kilo ni kilo!" Kinyozi alikwishapanda. "Hamsini na nne! He! Wiki iliyopita nilipotoa damu hospitali waliniandikia sabini na mbili!"

"Unaona?" Mkokoteni akapiga paja. "Waongo wakubwa!"

"Au damu walichota kwa ndoo."

Akapanda Mkokoteni. Arobaini na nane. Akashuka akijipapasa mbavu. "Jamani, huu si uzito wa mbuzi? Ndiyo maana upepo ukivuma mkokoteni unanivuta mimi!"

Mama Chai alivua kandambili, akavua na bangili, akapanda amefumba macho. "Nisomeeni."

"Sabini na mbili."

Alipiga kigelegele hadi wapita njia wakachungulia. "Sabini na mbili! Uzito wa harusi yangu! Leo chai bure, na lile gauni nalitoa sandukuni!"

"Panda na wewe, mama," Kinyozi akamwambia binti. "Tuwaumbue hawa wa hospitali."

Binti alimtazama baba yake. Alikulia humo yadini. Akapanda. Mshale ukakimbia, ukasita, ukatulia kwenye tisini.

"Tisini!" Benchi likalipuka. "Kilo thelathini za kusingiziwa! Amepona bila kisu!" Mkokoteni akaanza kucheza, Kinyozi akapiga sinia kama ngoma, Mama Chai akazungusha kiuno chake kipya. "Chana hiyo fomu, mzee! Mkombozi wetu! Mzee hoyee!"

Mzee Lawama alikuwa amepata alichokuwa akikitafuta. Uongo wa wakubwa umeanikwa juani, na mtoto wake haendi kule alikoenda mama yake.

Binti hakushuka. "Baba," alisema polepole, "mwaka wa pili huu nalala nimekaa. Nikilala chali pumzi inakatika. Ukisema ni tisini, basi ni tisini, narudi nyumbani. Sema wewe."

Mzee alijua. Kupitia ukuta huwa anaisikia ile pumzi ikikatika, naye huhesabu, moja, mbili, tatu, mpaka irudi. Juzi alifika ishirini na sita.

"Ina waya," alisema.

"Nini?" Kinyozi akashusha sinia.

"Mizani. Nimeifunga waya. Kila kilo nne, moja inabaki kwangu."

Redio ya Mama Chai ikaendelea kutangaza sabuni.

"Miaka saba," alisema Mkokoteni kwa sauti ndogo, "navuta vyuma hadi mgongo umepinda kama upinde..."

"Na kiti changu cha kunyolea nilichokuuzia, chuma kitupu! Ulisema uzito wake kama paka!"

"Kwa hiyo mimi," aliuliza Mama Chai, "si sabini na mbili?"

"Tisini na sita, dada yangu. Nisamehe."

"Auawe huyo!"

Mkokoteni alishika kola, Kinyozi mkanda, Mama Chai akachomoa upawa. "Serikali, serikali, kumbe serikali yenyewe ni wewe!"

"Mwacheni asaini kwanza!" Mama Chai akakumbuka. "Mkishauvunja huo mkono, mtoto atapasuliwa kwa saini ya nani?"

Ikaonekana ni busara. Mkokoteni akainama, mgongo ukawa meza. Mzee Lawama akaandika jina lake, la baba yake, la babu yake, herufi moja moja, akaanza na la babu wa babu.

"Unasaini au unaandika historia?" Kinyozi akamnyang'anya kalamu.

"Msimamizi lazima afike mwenyewe hospitali," mzee akasema haraka, akimng'ang'ania binti yake mkono. "Sasa hivi."

Wakatoka getini, baba amejibanza ubavuni mwa mwanawe, benchi zima nyuma yao. Hatua kumi, binti akasimama kuvuta pumzi. Mzee akasimama. Mkokoteni, Kinyozi na Mama Chai nao wakasimama, ngumi na upawa hewani.

"Pumua, mwanangu," alisema Mama Chai. "Pumua taratibu, usikimbilie. Huyu haendi kokote."