Tiba ya Ndoto Juu ya Duka la Rangi

Wazo lilimjia Asali kwenye foleni ya zahanati. Kila mgonjwa alilalamikia mgongo, na kila mmoja, akichokozwa kidogo, alikuwa na ndoto ya kusimulia. Watu wanaota bure na hakuna anayewatoza. Uzembe wa ajabu.

Wiki hiyohiyo akapanga chumba juu ya duka la rangi, akavaa koti jeupe na kutangaza kwamba maumivu yote huanzia kwenye ndoto iliyosahauliwa. Mgonjwa alilala kwenye godoro, akafumba macho, akavuta pumzi polepole mpaka akazama kwenye nusu usingizi, kisha akaisimulia ndoto yake. Asali alivuta pumzi pamoja naye ili kumzamisha. Wengi waliamka wepesi, wakalipa. Yeye mwenyewe, tusifichane, alikuwa na miezi mitatu bila usingizi wa maana, na kichwa kilimgonga kutwa. Aliowatapeli walikuwa wengi, na kila kishindo ngazini alidhani ni chao.

Ndipo akaja fundi cherehani, mama mpole mwenye mabega yaliyokakamaa. Asali alimwambia ugonjwa umehamia kwenye cherehani, ailete isafishwe. Akaileta, mpya, ya umeme. Mpango ulikuwa mwepesi: mama akizama, cherehani inashuka ngazi kwenda kwa mnunuzi.

"Nianzie wapi, mwanangu?"

"Mwanzo kabisa, mama. Usiruke kitu."

Hakuruka. Alisimulia kwamba aliota anashona mashuka, pindo la kwanza, pindo la pili, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Pumzi ndani, pumzi nje. Kufika pindo la tisa, Asali alikuwa anakoroma.

Alipozinduka jioni, hakuwa na koti wala cherehani haikuwepo. Wagonjwa wapya walijaa mlangoni wakimtazama kwa heshima. Wakamweleza kwamba daktari, yule mama mwenye koti jeupe, amewaonyesha kazi yake: mtu mwenye macho mekundu kama haya, aliyesahau usingizi, leo amelala hivi. Wote walikuwa wamelipa. Daktari alibeba mashine yake ya tiba, akasema anakwenda kunywa chai.

"Umepona kweli, kaka?" aliuliza mzee mmoja aliyeshika kiuno.

Asali alitaka kusema ameibiwa, lakini angelazimika kueleza ameibiwa nini. Akajipapasa kichwa. Hakikuuma popote, na ile raha ilimtia uchungu.

"Nimepona," akasema, na tangu aingie kazi ile hilo lilikuwa neno lake la kwanza la kweli.

Wakamsogezea nafasi kwenye benchi, amsubiri daktari pamoja nao.