Migomba Mitatu Kwenda Chini

Jumamosi, 7 Juni 1997

Leo nimekuwa mtu mwingine. Nimepata mashine ya kupima kina cha maji.

Nimeitoa kwa Cassian, aliyekuwa dereva wa wale wazungu waliotafuta maji kwa ajili ya kambi za wakimbizi. Wakimbizi waliondoka Desemba, wazungu wakafuata, na Cassian akaachiwa zawadi mbili: kofia na mashine hii. Kofia amekataa kuitoa. Mashine nimeichukua kwa koti langu la mvua na mikungu miwili ya ndizi. Anasema yeye hana ziwa, ana barabara tu.

Ni kama tochi. Nyeusi, nzito kidogo, inaenea mkononi. Unazamisha uso wake majini, unauelekeza chini wima, unabonyeza kitufe, na kwenye kidirisha cha nyuma inawaka namba nyekundu. Hicho ndicho kina. Inapiga sauti ambayo sikio la mtu haliisikii. Sauti inashuka, inagonga chini, inarudi kusema ilikofika. Nimeijaribu kwenye pipa la maji ya mvua. Imeonyesha vistari viwili. Pipa ni fupi mno kwa mashine ya hadhi hii.

Shemeji Ildefonsi asijue kwanza. Ni kaka wa marehemu mke wangu Celestina, na ndiye mwenye mtumbwi. Miaka thelathini sasa ananitazama kama kitu kilicholetwa na mafuriko. Ziwa analipima kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, na upondo usipofika, kwa kamba yenye jiwe. Jiwe! Mwaka wa tisini na saba!

Mpango: nitalijua ziwa kuliko yeye. Kisha Mama Harerimana atajua kwamba nalijua.

Mama Harerimana ni Anonciata, anayekausha samaki pale mwaloni, mitumbwi inapofikia. Mjane. Sina la kuongeza juu yake leo.

Jumapili, 8 Juni

Nimeshindwa kukaa kimya. Baada ya ibada nimeshuka nayo mwaloni.

Ildefonsi akauliza kama inatoa mwanga. Nikasema hapana. Akauliza kama inavua samaki. Nikamweleza kwa utulivu. Akasikiliza yote, kisha akawaambia watu kwamba shemeji yake amenunua tochi isiyowaka. Wamecheka hadi mbwa wakaamka.

Anonciata hakucheka. Alikuwa anageuza sato kwenye kichanja. Ameniuliza polepole kama mashine inaweza kujua mahali pasipo na chini. Nimemjibu kwamba inaweza kujua lolote. Hilo sina hakika nalo, lakini limetoka vizuri.

Jumanne, 10 Juni

Onyesho la kwanza. Ildefonsi amenipakia, mafunjo yakabaki nyuma yetu. Nimezamisha, nimebonyeza. Ishirini na mbili! Nikatangaza kwa sauti ya kufika mwaloni: mita ishirini na mbili.

Ildefonsi akashusha jiwe lake. Likagonga tope kabla ya pima nne. Akavuta kamba taratibu, akaihesabu mbele ya macho yangu kwa urefu wa mikono yake, akaniuliza maji mengine nimeyaficha wapi.

Nyumbani nimevaa miwani. Kando ya kitufe kuna herufi ndogo kama mayai ya chawa. Zinasema futi.

Kwa hiyo mashine ilipima sawasawa kabisa. Sijamwambia Ildefonsi. Mtu asiyeheshimu mita hatatofautisha futi.

Jumatano, 11 Juni

Nimelowa. Naandika huku nimejifunika blanketi, nanuka moshi wa samaki.

Ilikuwa karibu na ukingo, mahali ambapo majani ya majini yameota kwa wingi. Akina mama wote wa mwaloni walikuwa wanatazama. Nikiwa mtumbwini nimepima: futi mbili. Nikakunja suruali. Ildefonsi akasema nisishuke. Kwa kuwa amesema nisishuke, nimeshuka.

Maji yamepita kofia yangu.

Sasa naelewa. Majani yalikuwa yamesongamana chini ya maji kama godoro, na ile sauti imegonga godoro ikarudi kusema ndiyo chini. Mashine imedanganywa, kama mimi. Ildefonsi amenivuta kwa upondo, kwenye mkanda, kama anavyovuta nyavu. Mashine niliishika juu muda wote. Iandikwe kwamba mashine niliishika juu.

Anonciata amenipa kitenge chake nijifute, akaniketisha karibu na moto wa kichanja. Akanipa kahawa za kutafuna. Kisha, bila kuniangalia, ameniambia habari ambayo nilikuwa naijua nusu.

Mumewe alizama mwaka wa themanini na sita, katikati ya ziwa, mtumbwi ulipopinduliwa na upepo. Hakupatikana. Wavuvi walimtafuta siku nane, na walipochoka wakamwambia mjane kwamba pale katikati hapana chini. Labda walitaka kumpunguzia kungoja. Tangu siku hiyo hajapanda mtumbwi. Dada yake Mukamusoni ameolewa ng'ambo, mguu mmoja umepooza, hawezi kuja. Anonciata alikuwa anazunguka ziwa kwa miguu, kutwa nzima, kwenda kumwona. Tangu Pasaka goti limekataa.

"Maji siyaogopi," amesema. "Nayachota kila siku. Naogopa mahali pasipo na chini."

Nimetafuna kahawa.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemwomba Ildefonsi anipeleke katikati. Nilijiandaa kwa kejeli na nilikuwa na majibu matatu tayari. Nilipomweleza sababu, amechukua kasia bila neno. Majibu yangu yote yamepotea bure.

Nimepima mara tisa. Thelathini na moja. Thelathini. Thelathini na moja. Sehemu zote, kila upande. Chini ipo. Macho yamenitoka machozi kidogo kwa sababu ya upepo.

Ildefonsi naye ameshusha jiwe. Pima tano na futi moja, na kila pima ni futi sita. Ameitazama mashine, ameitazama kamba, akasema, "Sawa." Ni mara ya kwanza kunikubalia jambo tangu nilipomchumbia dada yake.

Nimekwenda moja kwa moja nyumbani kwa Anonciata. Nikamwambia: futi thelathini na moja. Akauliza futi thelathini na moja ni kama nini. Nimetazama huku na huku. Tulikuwa tumesimama shambani kwake.

Nikamwambia ni migomba mitatu. Usimamishe mmoja, juu yake mwingine, juu yake wa tatu.

Ameitazama migomba yake muda mrefu. Akauliza kama ni mitatu tu. Nikasema mitatu tu. Akashika jani moja kavu, akalibandua, akalikunja vizuri kama anayekunja nguo.

"Miaka yote hii," akasema, "nilikuwa namwona kama bado anaendelea kwenda chini."

Baadaye, nilipokuwa naaga, amesema Alhamisi anataka kwenda kumwona dada yake. Kwa mtumbwi. Mradi mimi niwepo, niwe napima njia nzima.

Jumapili, 15 Juni

Binti yangu Kokushubira, nesi wa hospitali ya Nyakahanga, amekuja kunitembelea. Habari za kuzama zilimfikia kabla sijamwambia. Amenichungulia masikio. Kisha akaniuliza kama Mama Harerimana nampenda.

Nikamweleza habari za sauti inayoshuka na kurudi.

Akasema, "Tata, nenda tu kamsalimie. Kaa, ongea, rudi nyumbani." Msichana ana cheti cha uuguzi lakini mambo haya hayajui. Mtu haendi kukaa tu.

Jambo jingine: namba nyekundu zimeanza kufifia. Betri yake ni ya mraba, ya volti tisa. Nimezunguka maduka yote ya Nyakakika. Zipo zile za redio tu, nene kama mihogo. Nimejaribu kuingiza moja. Haifai kujaribu.

Jumatano, 18 Juni

Nimeianika betri juani siku tatu, kama tunavyofanya za redio. Imepata joto zuri. Nina imani nayo.

Alhamisi, 19 Juni

Tumevuka.

Ildefonsi alikaa nyuma na kasia. Anonciata alikaa katikati, amevaa gauni la kanisani, kikapu cha samaki wakavu magotini, mikono yote miwili imeshika ubao wa mtumbwi. Mimi nilikaa kando yake na mashine. Kwenye matete nimepima: futi nne. Nimetangaza. Futi saba. Nimetangaza. Amepumua.

Tulipotoka tu kwenye matete nimebonyeza, na haikuwaka. Nimebonyeza tena. Kidirisha cheusi. Nimeipiga kidogo kwenye goti. Nimeinong'oneza. Kimya.

Anonciata akauliza, "Hapa?"

Nikasema futi kumi na mbili.

Nyuma yangu kasia la Ildefonsi likasimama. Upondo wake ulikuwa umelala pale pale, na ziwa analijua kama kibaraza chake. Nikangoja aseme. Hakusema. Kasia likaingia tena majini.

Kila baada ya kitambo ameuliza, hapa? Nami nimejibu. Mgomba mmoja. Mmoja na nusu. Miwili kasoro majani. Mashine nimeizamisha kila mara, mkono ukafa ganzi. Namba za Ijumaa nilikuwa nazo kichwani, ila zote ni za katikati, kwa hiyo za njiani nimezipanga kwa namna ambayo ingemfaa mtu aliyeshika ubao.

Katikati akaomba tusimame. Ildefonsi akasimamisha mtumbwi. Upepo ulikuwa mdogo. Anonciata akaachia ubao, akatumbukiza mkono majini hadi kiwiko.

"Hapa?"

"Mitatu," nikasema.

"Mitatu ni kweli," Ildefonsi akasema kutoka nyuma. "Nilipima kwa kamba."

Anonciata ameongea kwa Kinyarwanda, si na sisi, muda mrefu, kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake habari za nyumbani. Kinyambo chetu kiko jirani na lugha hiyo. Nimeyaelewa maneno kadhaa. Sitayaandika. Alipomaliza amejifuta mkono kwenye gauni, akasema twende.

Ng'ambo walikuwa wamembeba Mukamusoni na kiti chake hadi ukingoni. Wale dada wawili wameshikana. Ildefonsi akatazama kasia lake. Mimi nikamtazama Ildefonsi, maana mahali pengine pote palikuwa pagumu kutazama.

Wakati wa kurudi hakushika ubao. Ameuliza "hapa?" mara chache tu, na mara mbili aliuliza huku anatazama ndege.

Tulipofika mwaloni nimemsaidia kushuka. Akasema, "Baba Kokushubira, mashine yako ilizimika asubuhi, tulipotoka kwenye matete. Niliiona."

Masikio yameniwaka moto.

"Niliendelea kuuliza kwa sababu nilitaka kukusikia unajibu."

Nimemhakikishia kwamba kosa ni la betri, si la mashine. Amenitazama kidogo, akacheka kwa upole, akasema ndiyo, ni betri. Nimefurahi kwamba ameelewa upande wa ufundi.

Ildefonsi, akifunga mtumbwi, amesema Celestina angekuwepo leo angecheka hadi akae chini. Amesema vizuri, si kwa kejeli. Kisha akaniambia nisichelewe. Sijui nisichelewe wapi. Safari ilikuwa imekwisha.

Jumamosi, 21 Juni

Asubuhi Anonciata amepita shambani kwangu. Nilikuwa naanika kahawa. Ameniamkia, ameulizia mgongo wangu, akasema kesho baada ya ibada niende kwake kula sato. Akasema nisilete chochote. Si mashine, si zawadi. Niende tu, tukae.

Nimetafakari siku nzima. Mtu hawezi kusema usilete chochote ila ana kitu kikubwa anachokingoja na adabu inamzuia kukitaja. Ni lazima. Mafanikio ya Alhamisi yameletwa na kifaa. Nikienda mikono mitupu ataona nini? Ataona mimi.

Nimemwuliza Ildefonsi. Amenisihi niende kama nilivyoambiwa, akanishika bega kabisa. Nadhani ni wivu.

Nimepata habari kwamba Ihembe kuna mtu anatoa bata mzinga dume kwa mikungu minne. Hapa kwetu hakuna mwenye bata mzinga. Anasemekana ni mkubwa kama mbuzi, hapendi watu, na akikasirika kichwa kinabadilika rangi. Mama Harerimana hajawahi kuona kitu kama hicho, nina hakika.

Nimeazima baiskeli. Kesho nitatoka alfajiri, nimchukue huyo bata, nipitie ibadani, nifike naye mezani. Atakaa mbele, kwenye usukani, ambako nitaweza kumtuliza kwa kuongea naye.