Mtoto Aliyelia Kabla ya Saa Yake

Kilio kilitangulia. Kabla mtu hajaona hema, wala utepe mwekundu, wala viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, kila aliyeshika njia ya Chechelesi asubuhi hiyo alisikia mtoto akilia kupitia vipaza sauti viwili, kilio kikubwa kama cha serikali yenye njaa.

"Wananchi watukufu!" sauti ya mwanamume ikajikaza juu ya kilio. "Leo tunazindua Ratiba Kuu ya Kunyonyesha!"

Mwenye sauti alikuwa Bwana Galgalo, Mkurugenzi wa Ofisi ya Uratibu wa Kunyonyesha, ofisi yenye wafanyakazi kumi na mmoja, kumi kati yao wanaume. Mwenye kilio alikuwa Sora, mjukuu wake wa miezi minne, aliyebebwa karibu mno na maikrofoni.

Galgalo alimleta kama kielelezo. Nyumbani kwake Sora alinyonya kwa mujibu wa Ratiba: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni. Na alikuwa amenona, mashavu kama maandazi. Hiyo, Galgalo aliamini, ndiyo faida ya utaratibu. Batula, binti yake aliyemzaa Sora, alikuwa sokoni akiuza nguo, kwa kuwa hakuhitajika mpaka saa sita. Sasa ilikuwa saa tatu na nusu.

"Hii si njaa," alimweleza mgeni wa heshima, Bi Makandi, katibu kutoka makao makuu. "Njaa yake imepangiwa saa sita."

"Basi analilia nini?"

"Anafanya mazoezi ya subira."

Mfukoni Galgalo alikuwa na kielelezo cha pili, kibaya: barua ya kumfuta kazi Nasteha, karani wa masjala. Alishamwonyesha Bi Makandi, na angeisoma utepe ukishakatwa. Nasteha alisimama mstari wa mbele, mikono kifuani. Alijua barua iko na alijua kosa lake. Mara tatu alikuwa amenaswa akitoka ofisini kwenda kumnyonyesha bintiye, Lul, aliyekuwa akiangaliwa langoni na Habsa, mama muuza chai. Mara ya tatu ilikuwa jana.

"Umetoka saa nne na dakika kumi," Galgalo alikuwa amemwambia. "Fomu iko wapi?"

"Mkubwa, mtoto alilia."

"Alijaza ombi?"

"Alijaza nepi."

"Ombi la kunyonya huchukua siku saba za kazi."

"Siku saba? Wallahi nitakuwa nimezika! Kliniki waliniambia nimpe kila akitaka, mchana na usiku, miezi sita bila hata tone la maji. Anavyonyonya ndivyo maziwa yanavyokuja. Nikichelewa, kifua kinakuwa jiwe, napata homa, halafu yanamwagika tu kwa nguo."

*Anamwaga rasilimali za umma*, Galgalo akaandika.

Sasa kilio cha Sora kilipanda. Mkurugenzi akatoa chupa ya maziwa ya kopo, iliyotengwa kwa dharura. Sora akayaonja, akafikiri, akayarudisha yote kwenye tai ya babu yake.

Kuna jambo ambalo halikuwamo kwenye Ratiba: mama anayenyonyesha akisikia kilio, maziwa hayaulizi mtoto ni wa nani. Nasteha alihisi kifua kikichomachoma, kisha madoa mawili yakalowesha buibui yake. Akapanda jukwaani.

"Lete mtoto, mkubwa."

"Saa bado!"

"Mpe, bwana," alisema Bi Makandi, vidole masikioni. "Tunaumia."

Galgalo akampa. Nasteha akaketi kwenye kiti cha mgeni wa heshima, akamfunika Sora kwa leso, na kilio kikakatika. Maikrofoni ikabaki ikiutangazia mji mzima: gubu, gubu, gubu. Watu wakapiga makofi.

"Mnaona?" Galgalo akawahi. "Ratiba imejirekebisha!"

Kicheko kikatoka langoni. Habsa alikuja na Lul mgongoni, birika mkononi.

"Hiyo ni ya tano!"

"Ya tano nini?"

"Galgalo, wewe unafikiri huyo mtoto amenona kwa karatasi? Usiku ukikoroma, Batula anamnyonyesha mpaka alfajiri. Mchana ananiachia mimi hapa langoni. Siku akichelewa sokoni, Nasteha anawapa wote wawili, Lul huku, Sora huku. Nimehesabu, maana mambo haya lazima mtu ahesabu. Nne mpaka jana, kila mara akashiba. Leo ya tano, mbele ya halaiki!"

Kutoka Kipsing hadi Biliqo hakuna Muislamu asiyejua maana yake. Bi Makandi, mtu wa Meru, ndiye aliyeuliza.

"Mara tano za kushiba, na kwa dini yetu Nasteha ni mama wa maziwa wa Sora," Habsa akamjibu. "Lul ni dada yake, hawataoana maisha. Na mzee hapa amepata jamaa."

Bi Makandi akafungua kitabu cha kanuni za ofisi, akasoma taratibu. "'Afisa hatamwadhibu jamaa yake. Na jambo lolote linalomgusa jamaa yake, atajiondoa.' Nani alitunga hii?"

"Mimi," alisema Galgalo. Aliitunga kwa fahari, enzi zile hakuwa na jamaa hata mmoja ofisini.

"Na mama wa mjukuu wako ni nani wako?"

Galgalo alitamani kusema kwamba udugu wa maziwa haujasajiliwa masjala. Lakini mstari wa pili walikaa imamu na wakwe zake, nao walikuwa wanamtazama.

"Ni... jamaa."

"Basi barua haipo. Na kwa kuwa jambo linalomgusa ni kunyonyesha, umejiondoa kwenye kunyonyesha. Kote. Utapewa kazi masjala. Nasteha akitoka kwenda kwa mtoto, wewe utakalia kiti chake."

"Kwa fomu gani?"

"Kwa sauti," alisema Bi Makandi, akimwonyesha Lul, aliyekuwa ameanza kukunja midomo.

Habsa akamteremsha mtoto, akamtia mikononi mwa mkurugenzi wa zamani. Lul akavuta pumzi ndefu. Galgalo akainama haraka, akasahau kwamba maikrofoni bado inasikia.

"Usilie, mama, usilie. Nakuahidi: ukilia tu, hata nikiwa chooni, babu atakimbia."