Kufuli la Stoo ya Nepi

Jumatatu, 8 Julai 1996

Nimekasirika tangu saa tatu asubuhi na sioni sababu ya kuacha.

Naftaly amekuja. Naftaly ni baba wa mke wa mwanangu, mwenye duka Sotik. Alikuja kumwona mjukuu wetu, Kipkorir, mwenye majuma matatu. Vizuri. Lakini je, alikuja na kuku kama watu? Hapana! Alishuka na boksi kubwa la nepi za kutupa, akalibeba begani, akalipitisha taratibu mbele ya akina mama wa kanisa waliokuwa wameketi uani wakinywa chai. Wote wakapiga makofi. Uani kwangu! Chai yangu!

Nepi za kutupa. Mtoto huichafua mara moja, ikatupwa. Nilimwuliza Naftaly bei. Akacheka, akasema baina ya wakwe hakuna bei. Bilhah, mke wangu, ndiye aliyenieleza baadaye: paketi moja ni jogoo mzima, na haimalizi juma. Jogoo! Ndani ya shimo la choo!

Nikasimama. Nilikuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na miwili, kusimama nakujua. Nikatangaza kwamba katika boma hili watoto saba wamelelewa kwa kitambaa na wote wanatembea wima. Bilhah ana nepi kumi na mbili alizozishona kwa mashuka ya zamani. Zinatosha. Boksi nimelitia stoo, pamoja na mbolea. Nimefunga kwa kufuli. Ufunguo umo mfukoni mwa koti langu.

Wacera, mke wa mwanangu Kiplimo, alianza kusema jambo, sijui kitambaa mchana, sijui nini usiku. Sikungoja amalize. Nililosikia ni la mwisho tu: kwa adabu sana, alisema mtoto akilala na unyevu atampeleka kwa mamake Sotik.

Haiwezekani. Jumapili Kipkorir anabatizwa katika kanisa letu hapa Roret. Mimi ni mzee wa kanisa. Nimekwisha kumwambia mchungaji na majirani, na nimewaalika walimu wenzangu wanne. Akienda Sotik atabatizwa Sotik, katika kanisa la Naftaly, Naftaly akiwa benchi la mbele na tai yake. Hapana!

Jumanne, 9 Julai

Mvua tangu alfajiri. Kufikia saa nne nepi zote kumi na mbili zimelowa: sita kwa mvua, sita kwa Kipkorir. Mtoto wa majuma matatu anayatoa wapi maji yote hayo?

Nikabuni mpango. Kwetu mzee hashiki nepi; ni aibu. Lakini hakuna anayemkataza kuelekeza. Nilimwelekeza Bilhah afunge kamba jikoni juu ya mafiga, mahali ambapo moto hauzimwi. Akanikumbusha kwamba moto una moshi. Nikamjibu kwamba moshi ni joto lenye rangi. Akanitazama vile anavyonitazama ninapokosea, ingawa sikuwa nimekosea.

Saa tisa zilikuwa kavu. Kavu kabisa! Zimepata rangi ya maziwa yaliyoungua, lakini hilo ni jambo dogo.

Baadaye akaja jirani yetu, bibi Chepyegon, ambaye macho yamemchoka. Akapewa mtoto ampakate. Akamnusa. Akafumba macho, akasema ni miaka mingi hajanusa kibuyu cha maziwa ya mursik kilichofukizwa moshi vizuri namna hii, na kama maziwa yamekwisha kuganda, amiminiwe kidogo. Bilhah alicheka mpaka akatoka nje kwa kushika ukuta.

Wacera hakucheka. Alikuwa akiyatazama makalio ya mtoto. Yameanza kuwa mekundu.

Alhamisi, 11 Julai

Vipele. Bilhah ameniambia nifungue stoo au ataifungua yeye kwa shoka. Siku njema huniita Baba Kiplimo. Akikasirika huniita Mwalimu. Leo nimekuwa Mwalimu tangu nilipoamka.

Nimefungua, lakini kwa utaratibu. Shuleni sikumpa mtu kalamu mpya kabla ya kuona ya zamani imekwisha wino. Basi nikatangaza: leta nepi kuukuu, chukua mpya, moja badala ya moja, mlangoni pa stoo, kwa foleni. Ndiyo, foleni ya mtu mmoja. Foleni ni foleni! Ya kwanza niliitoa bure. Kisha Wacera alikuja mara tano. Mara ya tano aliniwekea ile kuukuu kiganjani bila kuikunja. Nadhani alikusudia.

Ndipo nilipoitazama vizuri. Nzima! Haikuraruka popote. Na hii ndiyo watu wanayoitupa? Nchi nzima inadanganywa! Kama inafulika, basi nimempiku Naftaly kwa boksi lake mwenyewe.

Nikangoja wanawake waende mtoni. Nikatia maji karai, nikamwaga sabuni, nikazitumbukiza zote tano.

Zikavimba. Nikazitazama, zikazidi kuvimba. Kila moja ikawa na uzito wa mtoto mwingine. Niliikamua ya kwanza ikapasuka, ukatoka uji wa chembechembe, unateleza, hauna mwisho, ukajaa karai, ukaingia kwenye viatu vyangu. Nyingine nikazianika bila kuzikamua. Kamba ikakatika. Ng'ombe akaja, akanusa, akanitazama usoni, akaondoka. Hata ng'ombe!

Aliyoyasema Bilhah siyaandiki. Wacera aliokota moja kwa kijiti, akaniuliza polepole: Baba, hii umeifua? Nikamjibu kwamba nilikuwa nikifanya uchunguzi.

Uamuzi: kisichofulika hakifai. Kufuli nimelifunga tena. Wacera amesema anangoja kesho tu. Nepi za kitambaa zikikauka bila moshi, atabaki hadi ubatizo. Zisipokauka, Jumamosi asubuhi anakwenda kwao. Alisema hivyo akiwa ameinamisha kichwa, kwa heshima zote. Heshima ya namna hiyo inaniudhi kuliko matusi.

Ijumaa, 12 Julai

Asubuhi, jua! Jua la kweli, na upepo. Nikajua Mungu ameuona upande wenye haki.

Mpango wangu ulikuwa bora kuliko yote. Michai yangu imekatwa sawasawa. Juu ni tambarare kama kitanda cha mgeni. Kamba ya nini, na shamba zima ni kamba? Bilhah alikataa kushiriki. Basi nikatazama barabara kushoto na kulia, nikaona hakuna mwanamume mwenzangu anayepita, nikazitandaza mwenyewe. Kumi na mbili, juu ya majani mabichi! Leo ilikuwa siku ya kuchuma, kwa hiyo nilimwamuru Chepkemboi, mchumaji wetu, aanzie upande wa chini. Akasema majani yaliyoiva yako huku juu. Nikamwambia achume alikoelekezwa.

Saa saba zilikuwa kavu, zinanukia jua. Nilikaribia kuimba.

Saa saba na nusu, mvua ya mawe. Bila onyo! Nikakimbia katikati ya michai, nikazikusanya zote, nikazisukuma ndani ya kikapu cha kwanza nilichokiona, nikakifunika kwa gunia na kukiweka bandani. Haikulowa hata moja. Nikamwita Wacera aje ashuhudie, lakini alikuwa akimnyonyesha mtoto. Nikaingia ndani kunywa uji wa ushindi.

Mvua ikakatika. Chepkemboi ni mtu wa haraka, na lori la majani hupita saa kumi. Alichukua vikapu akaendelea kuchuma. Kimoja kilijaa upesi ajabu. Nilimsifu! Nilimsifu kwa mdomo wangu mwenyewe!

Tukaenda kituo cha kupokea majani. Huwa naenda mwenyewe kuangalia mizani. Karani wa pale ni Kipkurui, niliyemchapa darasa la sita kwa kusinzia. Kabla ya kupima humimina kikapu mezani, akague kama ni majani mawili na chipukizi, si matawi wala uchafu. Akamimina changu. Yakatoka majani, kisha ikatoka nepi. Akavuta, ikaja nyingine. Akaendelea kuvuta kama mtu anayetoa matumbo ya mbuzi. Wakulima wote kwenye foleni wakaanza kuhesabu kwa sauti.

Kipkurui akainyanyua moja, akainusa, akaniuliza kwa upole mwingi: "Mwalimu, majani mawili nayaona. Chipukizi liko wapi?"

Sauti ikajibu kutoka nyuma: "Liko nyumbani, linalia uchi!"

Mwenye sauti hiyo nitamjua. Nina muda.

Majani yangu yote yamekataliwa. Nimerudi nayo mgongoni mwa Chepkemboi, ambaye njia nzima alirudia kwamba yeye alidhani ni nguo za kulinda kikapu. Nepi zimelowa maji ya majani, zina madoadoa ya kijani. Na nyumbani? Muda wote huo Kipkorir hakuwa na nepi hata moja, na ufunguo wa stoo ulikuwa kituoni, mfukoni mwangu. Wamemfunga kwa shati langu jeupe nililozawadiwa siku ya kustaafu. Shati nililoliandaa kwa ajili ya ubatizo! Amelitumia mara mbili.

Jumamosi, 13 Julai

Wameondoka. Naftaly alikuja na pikapu. Kiplimo, aliyefika jana kutoka kazini Nakuru, ndiye aliyempakia mkewe mizigo. Mwanangu! Nilimwuliza yuko upande wa nani. Akasema, "Baba, niko upande wa mtoto."

Naftaly aliniuliza mavuno yakoje. Nikajibu ya wastani. Akasema amesikia mwaka huu chai inazaa vizuri, mpaka nguo. Yaani Sotik wamekwisha kujua!

Bilhah naye ameingia kwenye pikapu. Alisema anamsindikiza mtoto. Nikauliza ni nani atakayenipikia. Akanielekeza jikoni.

Nyumba iko kimya. Jua limewaka mchana kutwa. Nepi moja ingekauka kwa saa moja. Bila sababu yoyote nimepafagia mahali mtoto alipokuwa akilazwa, nikapaacha vile vile.

Jumapili, 14 Julai

Niliapa siendi. Nimekwenda.

Kanisa la Sotik lilijaa. Nilivaa lile shati, nililolifua mwenyewe. Doa halikutoka, nikafunga koti. Naftaly alikuwa benchi la mbele, na tai. Aliponiona alisogea, akanipa nafasi kando yake. Niliketi kwa hasira.

Baada ya maji ya ubatizo Wacera akanijia moja kwa moja, akaniwekea Kipkorir mikononi. Mbele ya watu wote! Kwetu mzee hampakati mtoto mchanga hivyo. Nikampapasa chini kwa siri. Mkavu. Hakunukia moshi. Alinishika kidole, akasinzia. Kwa dakika kumi hivi sikuweza kumkasirikia mtu yeyote, na sikuipenda hali hiyo.

Tulipoketi kula, Wacera akaeleza. Mchana nepi za kitambaa, usiku na safarini za kutupa. Hivyo boksi litadumu, na za kitambaa zitapata muda wa kukauka. Alisema ndilo jambo aliloanza kunieleza Jumatatu. Nikajibu kwamba mpango huo ni mzuri na ndio niliokuwa nao moyoni tangu mwanzo. Bilhah alisakamwa na chapati.

Wacera atarudi Jumatano na mtoto. Sharti ni moja: ufunguo wa stoo ukae kwake. Kiplimo akanitazama. Bilhah akanitazama. Nikautoa mfukoni, nikampa mbele ya wote, wakapiga makofi. Safari hii makofi yalikuwa yangu.

Kisha, wengine walipokuwa wakinywa chai, nikamwomba Naftaly anifungulie duka mara moja. Nimenunua kufuli jipya, kubwa, la shaba. Hakuuliza la nini. Mfanyabiashara asiyeuliza! Alisema tu kwamba makufuli ya aina hiyo huja na ufunguo mmoja. Nimefurahi: mwingine haupo wa kumpa mtu.

Nilipokuwa nikiondoka, nilimwona akimpa Wacera kitu kidogo cha shaba kiganjani, wakacheka wote wawili. Watu wa Sotik hucheka ovyo.

Kufuli jipya nimelifunga tayari, kando ya lile la zamani. Jumatano tutaona.