Paa la Mama Pudentienne

Pontien alisimamisha baiskeli yake katikati ya kambi ya serikali pale Kimanga, akavuta hewa, na pua ikampa habari njema: samaki mukeke wa kukaanga upande huu, sombe, yale majani ya muhogo, ya mawese upande ule. Akatazama juu. Nusu ya nyumba hazikuwa na paa. Akacheka peke yake. Mahali penye harufu ya chakula na watu wenye shida, mjanja hana haja ya kushika jembe.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita, na serikali ilikuwa imeahidi kuondoa mapaa ya nyasi na kuezeka mabati. Nyasi ziliondoka upesi sana. Mabati, loo, yalilala depo, na mafundi wakatembea kama vinyonga. Kilichoharibu mambo ni desturi ya kambi: fundi hulishwa na nyumba anayoijenga. Basi kwa mama anayeunguza maharage, paa lilipanda haraka. Kwa mama anayejua kupika, fundi hakuona sababu ya kumaliza. Wake wa Kimanga walikuwa wameanza kuunguza chakula makusudi, na waume wao wakakonda kwa ajili ya maendeleo.

Mama Pudentienne hakuweza. Mikono yake ilikataa kupika vibaya. Fundi wake, Térence, aliondoa nyasi mwanzo wa kiangazi, akala, akanenepa, kisha unga ulipokwisha akahamia kwingine. Sasa Septemba imefika, mawingu yanakusanyika juu ya milima, mume yuko kazini Albertville, na mapacha wake wa kunyonya wanalala chini ya turubai lenye matundu.

Pontien hakujua lolote juu ya ujenzi, ila alikuwa na kofia ngumu ya kizungu na jiwe lililofungwa kwenye kamba. Akalining'iniza jiwe ukutani kwa Pudentienne, akafumba jicho moja, akaguna.

"Mama, minye ni kapita mupya, mukubwa wa bafundi. Nyumba gani itafuata, ni minye nasema."

"Yesu na Maria! Karibu, kapita, ikala!"

Akaketi, akala kuku. Kesho yake akala wali wa mchele wa Lubarika. Kwa jirani Sévère akanywa kasigisi, ile pombe ya ndizi, mpaka kofia ikageuka nyuma mbele. Kambi nzima ilimlisha. Kila mahali alipima, akaguna, akaahidi. Tumhurumie, ndugu zangu: kuguna kutwa nzima kunachosha taya.

Siku moja radi ilinguruma upande wa Urundi. Pontien akajua wakati wa kuhama umewadia, lakini jicho lake likaangukia mbuzi aliyefungwa nyuma ya nyumba ya Pudentienne. Tamaa ikamkamata shingoni.

"Mama, mabati yako iko tayari. Inabakia tu bakubwa ba depo bale kidogo. Chinja ile mbuzi, na Jumapili mabati inapanda."

Pudentienne akamtazama kwa upole. "Nitachinja, kapita. Lakini fundi akiahidi, anaachaka nyundo yake kwangu mpaka arudie. Na kapita, anaachaka nini?"

Pontien akatoa jiwe lake.

"Hiyo ni jiwe, kapita. Kwa jiwe nitakupikia majani."

Pontien aliipenda baiskeli yake kuliko ndugu zake wa tumbo moja. Ilikuwa na kengele na taa, na aliiosha kila asubuhi. Lakini mbuzi alilia, meee, naye alikuwa amenona. Akawaza: Jumapili nakula, naichukua, naondoka.

"Shika baiskeli," akasema, mate yamemjaa kinywani.

Jumapili ikafika pamoja na mvua, ile ya kuchapa kweli. Pontien akakimbilia Kimanga na njaa aliyoifuga tangu jana. Mlangoni kwa Pudentienne akaganda. Juu palikuwa na kelele za mvua inayopiga bati. Mabati mapya, mwanzo hadi mwisho!

Ndani mapacha walikuwa wamelala, wakavu kabisa.

"Kapita wetu!" Pudentienne akamkumbatia, machozi ya furaha yakimtoka. "Mungu akubariki!"

"Baiskeli yangu iko wapi?"

"Si ilienda kufuata mabati? Nilimupa Térence, iko na ufunguo wa depo. Alipoona ile kengele, uvivu wote ukamutoka."

"Nitakushitaki!"

"Twende, minye nitakusindikiza. Utabaambia bakubwa: minye ni kapita, niliahidi mabati, mabati ikapanda. Ao utabaambia weye si kapita?"

Mla cha mwenzie na chake huliwa.

"Na mbuzi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ile ni mbuzi ya jirani, kapita. Nilikuwa naichunga tu."

Akamwekea bugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Pontien akala, maana hasira haishibishi. Hajamaliza, mlango ukajaa watu walioloana, wanapiga vigelegele: kapita ametimiza neno! Mbele yao Sévère, na mtungi wa kasigisi begani.

"Kapita, sasa ni zamu yangu. Kwangu utaacha nini?" Macho yake yakashuka taratibu mpaka kwenye viatu vya Pontien, vya ngozi, karibu vipya.

Pontien alitoka kwa mlango wa nyuma. Waliokutana naye kwenye njia ya Katogota wanasema alikuwa anakimbia peku ndani ya matope, viatu amevikumbatia kifuani, na hata salamu hakuitikia.