Mguu wa Kitanda cha Sita

Kufa kufaana, na kuvunjika vilevile. Ndiyo maana kila asubuhi, saa ya kuona wagonjwa, Muhuri alikuwa mlangoni mwa wodi ya wanaume, mkoba kwapani, tai shingoni, na uso wa mtu aliyefiwa na jirani wa mbali. Wakili hakuwa. Shule aliiacha kabla hawajafika kwenye kugawanya, na hilo halikumsumbua, maana katika kazi yake kugawanya ndiko kulikokuwa hasara. Alichokuwa nacho ni muhuri wa mpira ulioandikwa "Mshauri wa Fidia", na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, na akitoka nyoka alipe nauli.

Asubuhi hiyo jicho lake lilitua kwenye kitanda cha sita. Palilala mzee mpole, mguu wa kulia umefungwa plasta hadi pajani. Mkewe alikaa kando akilia taratibu, kama bomba lisilofungwa vizuri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye daktari?"

"Daktari anatibu mguu. Mimi natibu mfuko. Umegongwa na nini?"

"Lori."

"La nani?"

"Kusoma sijui, mwanangu. Lilikuwa na maandishi mengi ubavuni."

Muhuri alimeza mate. Lori lenye maandishi mengi ubavuni ni lori la kampuni, na lori la kampuni lina bima iliyonona. Akavuta kiti.

"Sikiliza, baba. Kwanza fomu ya polisi. Pili, daktari aandike umeumia kiasi gani. Tatu, barua kwa bima ya lori. Nne, tunanyamaza. Watakuletea kidogo ili usaini haraka, na wewe husaini. Mwenye haraka bima humlipa soda."

"Fomu ya polisi tunayo," mzee alisema. "Na wewe unachukua ngapi?"

"Sabini kwa mia."

Mke aliacha kulia. "Na mguu ni wa nani?"

"Mguu ni wa baba, mama. Faili ni langu."

Walitazamana, wakashusha pumzi kama watu walioshindwa. Muhuri akaomba picha ya eksirei. Hapa lazima nieleze, maana ndiyo sheria kuu ya hawa watu wa kuviziana wodini: mwenye picha ndiye mwenye mguu. Fomu hughushiwa, saini hukanwa, mgonjwa hubadili mawazo akiletewa machungwa na mshauri mwingine. Lakini picha ya mfupa hakuna fundi wa kuichora. Ukiishika, umeshika mtu.

"Picha sikatai," mzee alisema kwa haya. "Ila nyumbani watu hawajala. Tuachie laki tatu za kuanzia."

Laki tatu Muhuri hakuwa nazo. Mkewe ndiye alikuwa nazo.

Mkewe aliuza juisi sokoni. Kila siku alinunua barafu, na kila siku kufikia saa nane barafu ilikuwa maji na juisi ilikuwa supu. Miaka miwili alikuwa akiweka akiba kwenye kopo ili anunue friji. Muhuri alifika nyumbani mchana, akafungua kabati. Mke akatokea mlangoni na ndoo.

"Unatafuta nini?"

"Soksi."

"Soksi umevaa, baba watoto."

Ikabidi aseme. Alieleza lori, maandishi ya ubavuni, na namna kampuni kubwa zinavyotoa fedha za matibabu za awali hata kabla ya kesi. Alieleza vizuri hadi mwenyewe akaamini. Mke alimsikiliza bila kupepesa.

"Siku tatu," alisema mwishowe, akimpa kopo. "Ya nne usirudi na maneno. Rudi na friji. Ukirudi mikono mitupu, mimi naenda kwetu, na kitanda ni changu, nakibeba."

"Mke wangu, lini nimekuangusha?"

"Usinifungulie mdomo, bwana. Nenda."

Kabla ya saa kumi fomu yenye namba ya lori ilikuwa mkobani, na picha mkononi. Muhuri aliiinua dirishani, akafumba jicho moja, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. Alichokiona ni kitu cheupe katikati ya kitu cheusi. Akaridhika.

Siku ya tatu alipanda ngazi za ofisi ya bima akipiga mluzi. Kwa afisa wa madai, mama wa miwani aliyezungukwa na mafaili kama mtu aliyejengewa ukuta, walikuwa wameketi wawili aliowafahamu. Mmoja Suti, aliyekuwa na suti moja na kuivaa hata kwenye joto. Mwingine Bi Pole, mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza, aliyejulikana kwa kufika kwa majeruhi kabla ya gari la wagonjwa. Wote walikuwa na bahasha za eksirei mapajani.

"Na wewe pia?" afisa aliuliza. "Kitanda cha sita, mguu wa kulia, lori?"

"Umejuaje, mama?"

"Lete."

Alibandika picha tatu kwenye kioo cha dirisha, bega kwa bega. Hata Suti, ambaye hakujua mfupa hata wa kuku, alielewa kwamba mambo yameharibika.

"Hii ya kwako, bwana wa suti, ni mkono," afisa alisema. "Ya mama hapa ni mguu wa kushoto. Na ya kwako wewe ni goti la bibi kizee, halijavunjika, lina uzee tu. Fomu zenu za polisi zina namba moja. Huyo mzee wenu ana viungo vingapi?"

"Ulimpa ngapi?" Bi Pole alimnong'oneza Muhuri.

"Laki tatu."

"Mimi laki mbili na blanketi."

"Msitoke," afisa akasema, akinyoosha mkono kwenye simu. "Nampigia polisi, aje awasikilize vizuri."

Mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani. Walitoka wote watatu kwa mlango mmoja kwa wakati mmoja, jambo lililohitaji Bi Pole asukumwe. Muhuri ndiye aliyekuwa mbele. Kichwani hakuwa na polisi. Alikuwa na mkewe akishuka na kitanda kichwani. Akavuka geti mbio, amdake mzee kabla hajatoweka.

Nje ya geti gari la shule ya udereva lilikuwa likipita kwa mwendo wa konokono. Kwenye usukani mama mmoja, somo lake la pili. Mwalimu akasema breki. Mama akakanyaga mafuta.

Muhuri alisikia mguu wake ukisema "ka". Alipofumbua macho, Bi Pole alikuwa amepiga magoti kando yake.

"Pole sana, mwanangu. Saini hapa."

"Usisaini, kaka," Suti alihema juu yake. "Mimi nachukua sitini tu."

Gari la wagonjwa lilimwokoa. Wodini, kabla hata hajapewa dawa ya maumivu, alimuuliza muuguzi habari za kitanda cha sita.

"Yule babu wa presha? Katoka juzi, mzima kabisa. Anatembea kunishinda."

"Na plasta?"

"Plasta gani? Huyo miguu yake ilikuwa haina hata mchubuko. Ila mkewe kila kabla ya saa ya wageni alikuwa haishi kuomba bandeji."

Muhuri akageukia ukutani. Siku ya nne mkewe akaja. Hakulia. Alisoma kadi ya kitandani, akagonga plasta kwa kidole kuhakikisha ni ya kweli.

"Mke wangu, nimepigwa changa la macho."

"Nimesikia. Mtaa mzima umesikia." Akaketi. "Polisi nimeshatoka, fomu ni hii. Daktari kaandika. Picha ninayo, na nimeitazama: ni mguu, na ni wako. Yule mama wa bima alikuona dirishani ukigongwa, amekubali kuwa shahidi. Saini hapa kwamba malipo nipokee mimi."

"Nani kakufundisha haya?"

"Nimelala na wewe miaka kumi na moja. Unaota kwa sauti."

"Basi tugawane. Sabini zangu..."

"Saini, baba watoto. Kitanda bado kiko nyumbani, lakini kimeshafungwa kamba."

Akasaini. Bima ya shule ya udereva ilileta kidogo kwanza, mke akanyamaza. Ikaongeza, akanyamaza. Walipofika pazuri akaitikia. Lilikuwa dai la kwanza la kweli kutoka katika nyumba ile, na Muhuri hakuwa amegusa karatasi yake yoyote ila ile aliyosaini.

Alirudi nyumbani kwa magongo na kukuta friji imesimama sebuleni, nyeupe, inanguruma kama paka aliyeshiba. Jasho lilikuwa likimtoka. Mke akaifungua, akamimina juisi glasi nzima, akaiweka mezani mbele yake, kisha akasimama na mkono umekunjuliwa.

"Unangoja nini?" Muhuri aliuliza.

"Hiyo ya kuuza."

Muhuri akaegemeza magongo ukutani, akaanza kujipapasa mifukoni.