Ardhi Isiyo na Jana

Ofisi ya Urejeshaji wa Uoto ina furaha kuutangazia umma kwamba, kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi, ardhi yote ya manispaa haina historia. Waraka umesainiwa, umepigwa muhuri na kubandikwa hadi mlangoni mwa choo. Mimi karani ndiye niliyeuchapa.

Uamuzi huu wa kisayansi ulitokana na miche mia nne aliyoipanda Mkurugenzi mbele ya kamera, ikakauka kabla picha hazijatundikwa ukutani. Mama Miche, mtunza kitalu chetu, aliitwa ajieleze.

"Umeua miti ya serikali," Mkurugenzi alisema.

"Sijaua, bosi. Pale palikuwa gereji miaka ishirini. Wamemwaga oili chafu mpaka udongo umekuwa lami. Chimba unuse."

"Mimi? Ninuse udongo?"

"Pua si unayo, bosi?"

Nilifungua mdomo kumtetea, kikatoka kikohozi. Nikakiingiza kwenye muhtasari.

Waraka ukapita. Kwa kuwa ardhi haina historia, gereji haikuwahi kuwapo. Na kwa kuwa gereji haikuwahi kuwapo, muuaji ni Mama Miche. Huwezi kupata mantiki safi kuliko hiyo. Akapewa mwezi mmoja aoteshe miche ishirini, popote ndani ya manispaa, maana ardhi yote sasa ni sawa. Akishindwa, kazi hana.

Mwezi ulipokwisha, mkaguzi alikuja kutoka makao makuu. Mama Miche akatupeleka sote nyuma ya ukuta mrefu, ambako mlinzi ni shemeji yake. Miche ishirini, mibichi kabisa, ilikuwa imesimama kwenye bustani ya Mkurugenzi, juu ya udongo mweusi wa zizi la zamani la ng'ombe ambalo sote tulikuwa tumeagizwa kulisahau.

"Huyu mama kavamia kiwanja changu!" Mkurugenzi akafoka.

"Chako kivipi?" mkaguzi aliuliza.

"Nilipewa! Miaka mitatu iliyopita! Hati ninayo!"

Mkaguzi akausoma waraka taratibu, akarudia kuusoma. "Mheshimiwa, hiyo si historia hiyo? Na sahihi hii si yako?"

Mkurugenzi akanigeukia. "Binti, mwambie basi! Wewe unajua!"

"Mimi najua kuanzia Jumatatu ile tu, bosi."

Kiwanja kikakabidhiwa kitalu, na mkataba wa Mama Miche ukaongezwa miaka mitano. Ofisi haina roho mbaya: Mkurugenzi alipewa fidia ya kiwanja kingine, ukubwa uleule, kilichokuwa wazi baada ya miche mia nne kukauka.

Jana alikuja kaunta kwangu, suruali imelowa kitu cheusi mpaka magotini, sauti imemshuka.

"Mwanangu, nisaidie. Hata nyasi haioti. Pale palikuwa gereji."

Nilimwonea huruma, kweli. Nikamsogezea kiti, nikamuuliza kwa heshima zote:

"Gereji gani, bosi?"